Kichwa Kimegoma? Majibu kwa Madai Saba kuhusu Kukwama Kazini

Alhamisi moja, saa tisa alasiri, kijana wa ofisini kwetu alisimama mbele ya meza yangu na karatasi mkononi. "Shikamoo dada. Samahani, kichwa kimegoma." Alikuwa amepewa kazi ya kuandika tangazo la redio la sekunde 30, la kuhimiza watu walale ndani ya chandarua. Sekunde 30 ni maneno sitini, yakizidi sana sabini. Ukivuka hapo msomaji atasoma kama anafukuzwa. Ilikuwa siku yake ya tatu. Kwenye karatasi palikuwa na mstari mmoja, umeandikwa ukakatwa, ukaandikwa tena ukakatwa tena: "Malaria inaua, tumia chandarua."

Karatasi ile haikunitisha, kwani zangu za namna hiyo zinajaza kapu. Kilichoniuma ni dawa alizokwisha kupewa kabla hajafika kwangu. Mmoja alimwambia labda kazi hii si fani yake. Mwingine alimwambia atulie, wazo litakuja lenyewe. Wa tatu alimwambia asinyanyuke kitini mpaka amalize. Wa nne alimwambia angoje Jumatatu, mteja akianza kupiga simu kichwa kitafunguka. Wote walimpenda, na wote walimpoteza.

Nimeishi kwa kuandika miaka mingi na nimekwama mara nyingi. Nimesoma pia waliyoyaona watu waliolichunguza jambo hili kwa vipimo. Yote mawili yamenifikisha mahali pamoja: mtu aliyekwama kuna kitu amekikosa, na kitu hicho kina jina. Madai yanayozunguka maofisini yana kosa moja la msingi, yanatoa dawa kabla ya kuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Ndiyo maana nataka kuyajibu moja moja.

Dai la kwanza: "Ukiona umekwama, ujue kipaji kimefika mwisho"

Dai hili ndilo linaloumiza kuliko yote, kwa sababu linamwendea mtu usiku akiwa kitandani. Lina historia yake. Mwaka 1947 Edmund Bergler, daktari wa nafsi aliyekuwa New York, aliupa mkwamo wa waandishi jina la kitabibu na kuueleza kama ugonjwa unaotoka ndani kabisa, tangu uchangani. Tangu hapo watu wamezoea kuutazama kama siri iliyofichika katika nafsi ya mtu, siri ambayo yeye mwenyewe hawezi kuigusa.

Mwaka 1980 Mike Rose, aliyekuwa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alitoa uchunguzi mdogo lakini wenye mafunzo makubwa. Alikaa na wanafunzi 10, watano wanaokwama kila wakiandika na watano wasiokwama. Wote walikuwa na uwezo. Tofauti aliikuta kwenye sheria walizozibeba kichwani. Mmoja wa waliokwama aliamini kila sentensi lazima itoke sahihi mara ya kwanza. Mwingine aliamini aya ya kwanza isipomshika msomaji hana ruhusa ya kwenda ya pili. Mwingine alitumia siku kadhaa kutengeneza muhtasari mzito kiasi kwamba haukuandikika tena. Wasiokwama nao walikuwa na sheria zao, ila wakiona sheria haiwasaidii waliiweka kando na kuendelea.

Nilimuuliza kijana wetu, "Mdogo wangu, nani kakwambia mstari wa kwanza lazima utaje malaria?" Akafikiri kidogo. "Hakuna, dada. Ila matangazo yote ndivyo yanavyoanza." Sheria yenyewe ndiyo hiyo. Hakuna aliyempa, lakini kwa siku tatu alikuwa akiitii kama amri ya serikali. Hakupata wazo pale pale, ila mabega yalishuka.

Basi ukikwama, usianze kwa kukihukumu kipaji. Chukua kalamu uorodheshe sheria unazozifuata katika kazi iliyo mbele yako: lazima ianze hivi, lazima iwe na vitu vitatu, lazima ifanane na ya mwaka jana. Mbele ya kila moja andika nani aliyeitunga. Zisizo na mwenyewe, zikate.

Dai la pili: "Subiri, msukumo utakuja wenyewe"

Mwanasaikolojia Robert Boice alilipima dai hili mwaka 1983. Aliwachukua wanataaluma 27 waliolalamika kwamba wamekwama kuandika, akawagawa mafungu matatu kwa wiki 10. La kwanza walikatazwa kuandika isipokuwa kwa dharura, wakusanye mawazo tu. La pili waliandika wakijisikia. La tatu walibanwa kuandika kila siku ya kazi, wajisikie wasijisikie. Fungu la tatu liliandika kurasa nyingi zaidi, na hilo lilitegemewa. Ambalo halikutegemewa ni kwamba hao hao ndio waliopata mawazo mapya mengi kuliko wote: karibu wazo moja kila siku, wakati waliongoja kujisikia walipata moja kila siku mbili, na waliozuiwa kuandika moja kwa siku tano hivi. Kwa maneno mengine, msukumo uliwafuata waliokwisha kuanza.

Sisi tulikuwa na ushahidi wetu nyumbani kabla ya Boice. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufariki mwaka 1962, alikuwa mwajiriwa wa serikali karibu maisha yake yote ya utu uzima. Aliingia idara ya forodha kama karani mwaka 1926 na kukaa huko hadi 1944, akaenda idara ya wanyamapori, kisha ofisi ya wilaya Tanga, kisha ofisi ya upimaji. Pembeni ya madaftari ya serikali alituachia vitabu zaidi ya 20: mashairi, riwaya, insha, wasifu. Mtu akiniambia ajira imemkausha na anangoja siku atakayokuwa huru ndipo aandike, humkumbusha karani yule wa forodha. Vitabu ishirini na zaidi haviandikwi na mtu anayengoja kujisikia. Bandu bandu huisha gogo.

Kinachokosekana hapa ni mazoea. Chagua saa moja ya siku, ile ile, na dakika ishirini tu, kabla hujafungua simu kuona nani kaandika nini kwenye kundi. Andika hata kibaya. Kibaya unaweza kukirekebisha.

Dai la tatu: "Kaa hapo hapo kitini mpaka litoke"

Nimetoka kusema usingoje. Sasa nasema inuka. Hayapingani, na nitaonyesha kwa nini.

Mwingereza Graham Wallas, katika kitabu alichokitoa mwaka 1926, aliieleza safari ya wazo kwa hatua nne: kujiandaa, kuatamia, kupambazukiwa na kuhakiki. Hatua ya pili ndiyo inayodharauliwa maofisini, kwa sababu ukiitazama kwa nje inafanana na uvivu. Neno kuatamia linajieleza lenyewe. Kuku hutulia juu ya mayai, lakini mayai yenyewe ameshayataga. Anayengoja msukumo bila kuanza anaatamia kiota kitupu. Aliyefanya kazi kwa bidii, akaizungusha hoja pande zote, kisha akainuka kwenda kupata hewa, huyo ameacha mayai chini na joto linaendelea kufanya kazi yake.

Mafundi wa Tingatinga wanalijua hili kwa mikono. Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa vitu alivyovimudu: vipande vya mraba vya hadibodi na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Rangi ile inang'aa vizuri lakini haikauki haraka. Ukiweka madoa ya chui juu ya manjano ambayo bado ni mbichi, nyeusi na manjano zinachanganyika, na chui wako anageuka tope. Kwa hiyo fundi hupaka rangi ya chini, akauweka ubao pembeni, akashika mwingine. Haendi kulala na wala hakodolei macho rangi ikauke. Anauacha ubao ufanye sehemu yake ya kazi, naye anafanya ya kwake mahali pengine. Tingatinga alifariki mwaka 1972, lakini mtindo alioanzisha kwa miaka minne tu unalisha familia mpaka leo.

Kuhusu kutembea kuna vipimo pia. Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Stanford walionyesha mwaka 2014 kwamba watu wakitembea hutoa mawazo mapya mengi kuliko wakikaa, kwa wastani wa asilimia 60 zaidi, hata waliotembea juu ya mashine huku wakitazama ukuta mtupu. Waliona pia mpaka wake: kwa maswali yenye jibu moja sahihi, kutembea hakukusaidia. Basi tembea unapotafuta wazo, kaa unapokagua hesabu. Wazee walishasema mtembea bure si sawa na mkaa bure.

Kijana wetu nilimwambia aache karatasi mezani aende Tandale, kwenye nyumba za vyumba vya kupanga, akaone chandarua kinavyofungwa. Nilimkataza kuhoji mtu kuhusu malaria. Aliniletea alichokiona kwa mama mmoja mwenye watoto wawili na chumba kimoja. Kona ya kwanza ya chandarua ilikuwa kwenye msumari ukutani. Ya pili kwenye nondo ya dirisha. Ya tatu kwenye mpini wa kabati. Kona ya nne haikuwa na pa kwenda, kwa hiyo mama alichana ukanda wa kanga kuukuu, akauunganisha na kamba ya chandarua, akaufunga kwenye bawaba ya mlango. Kila alfajiri lazima aufungue ukanda ule ndipo mlango ufunguke. Mtoto akitaka kwenda msalani usiku, unafunguliwa na kufungwa upya gizani. Yule mama hakuhitaji kuambiwa malaria inaua. Alikuwa anapambana na kona ya nne.

Kijana alikuwa amekaa siku tatu akikamua kichwa ambacho hakijawekewa kitu. Alikosa macho, na macho hayakuwa ofisini.

Dai la nne: "Presha ndiyo inayotoa mawazo"

Hili nitalijibu kwa ufupi, maana jibu lake liko wazi. Teresa Amabile wa Harvard na wenzake waliwaomba wafanyakazi 177 wa kampuni saba waandike shajara kila siku ya kazi, wakapata zaidi ya kumbukumbu 9,000 za siku. Waliyoyatoa mwaka 2002 yanaonyesha kwamba siku za presha kubwa watu walifanya mengi na wengi walijiona wabunifu, lakini mawazo mapya yalipungua, na upungufu uliendelea hata siku iliyofuata.

Kulikuwa na hali moja ambapo haraka haikuua wazo: pale mtu alipoelewa kwa nini jambo ni la dharura, akapewa jambo hilo moja, na akalindwa asikatizwe. Presha ya maofisini mwetu mara nyingi ni kinyume chake. Kazi tano kwa pamoja, simu inaita, kundi la ofisi linalia kila dakika, na kila moja imeandikwa "haraka sana". Wakubwa, hapa mzigo ni wenu. Aliyekwama chini yenu pengine amekosa saa mbili tulivu tu, na nyinyi ndio mnaoweza kumpa.

Dai la tano: "Tuite kikao, tukae wote tutoe mawazo"

Hili limeota mizizi kiasi kwamba kulipinga kunaonekana kama kukataa ushirikiano. Alex Osborn, mtu wa matangazo wa New York, ndiye aliyelieneza, hasa kwa kitabu chake cha mwaka 1953. Alishauri watu wakutane, waseme lolote linalowajia, wasikosoane, na wingi wa mawazo utazaa ubora. Wazo zuri, na nia njema.

Mwaka 1958 Donald Taylor na wenzake wa Yale walilipima. Walichukua makundi ya watu wanne waliofikiri pamoja, wakayalinganisha na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakakusanywa na yaliyojirudia kuondolewa. Wanne waliokuwa peke yao walitoa karibu mara mbili. Vipimo vilirudiwa mara nyingi, na makundi yakazidi kushindwa. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe, wakifanya kazi Ujerumani, walionyesha sababu kubwa mojawapo: zamu. Katika kikao anaongea mmoja. Wengine wanangoja, na wakingoja ama wanasahau walichonacho ama wanaacha kufikiri wamsikilize anayesema.

Kwetu kuna sababu ya pili isiyohitaji maabara, nayo ni heshima. Bosi akishafungua kikao kwa kusema "mimi naona tungefanya hivi", kikao kimekwisha. Watakaofuata wataanza na "kama alivyosema bosi". Binti aliyeajiriwa mwezi uliopita, ambaye jana usiku alipata wazo zuri kuliko yote, atanyamaza, kwa sababu amelelewa kutomkatiza mkubwa. Malezi hayo siyalaumu, nami nililelewa hivyo hivyo. Nalaumu utaratibu unaomfanya achague kati ya adabu na wazo lake.

Utaratibu unaweza kubadilika bila mtu kukosa adabu. Kabla mtu hajafungua mdomo, kila mmoja apewe karatasi na dakika kumi za kimya, aandike alichonacho. Karatasi zikusanywe bila majina, zichanganywe, zisomwe kwa sauti na mmoja. Mkubwa awe wa mwisho kusema. Hapo ndipo mjadala uanze, na hapo kikao kina kazi kubwa, maana kuchagua wazo, kulikosoa na kulitekeleza kunahitaji watu wengi. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli tupu wakati wa kutekeleza. Wakati wa kuzaa wazo, methali ya kushika ni nyingine: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mpe kila mtu nafasi ya kuzionyesha.

Dai la sita: "Masharti yanabana, mbunifu anahitaji uhuru kamili"

Nani alibanwa kuliko mtunga jina la kanga? Ana kipande cha nguo cha upana wa mita moja na urefu wa mita moja na nusu hivi. Pindo limezunguka pande zote nne, mji umekaa katikati, na yeye ameachiwa ukanda mwembamba juu ya pindo la chini. Mstari mmoja. Uwe na maana kwa anayevaa na maana nyingine kwa jirani anayetazama. Uweze kutolewa zawadi kwa mama mkwe na pia kumchoma mke mwenza. Kwa zaidi ya miaka mia moja, katika ukanda huo huo, pwani hii haijaishiwa la kusema.

Au mtazame malenga. Shairi la tarbia linadai mistari minne kwa kila ubeti, na kwa kawaida kila mstari mizani 16, nane huku na nane kule, vina vya kati na vya mwisho. Mwenye utenzi anabeba kina cha bahari, kile kinachofunga kila ubeti, kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama beti ni mia tano. Mtu wa nje ataona gereza. Malenga atakwambia kina ndicho kinachompeleka kwenye neno ambalo asingelifikia kwa miguu yake mwenyewe.

Naijua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 aliacha vina na mizani, wengi wakakasirika, na leo hatuwezi kusema ushairi wa Kiswahili ulipoteza. Lakini msome tena. Hakuacha masharti yote. Alijiwekea mengine, ya taswira na ya pumzi ya mstari. Aliyabadilisha akijua anachokiacha.

Mteja anapokwambia "fanya unavyoona wewe", amekuachia uwanja usio na mipaka, na uwanja kama huo huchosha kabla mchezo haujaanza. Jiwekee uzio mwenyewe. Msikilizaji mmoja, mahali pamoja, tendo moja. Kijana wetu alipokuwa na "malaria Tanzania nzima" hakuweza kuandika neno. Alipobaki na kona moja ya chandarua kimoja, mistari ilianza kutoka.

Dai la saba: "Siku hizi hakuna kukwama, iulize akili mnemba"

Ninaitumia, na sitaki kumtisha mtu. Lakini dai kwamba imeondoa mkwamo linachanganya vitu viwili: ukurasa uliojaa na wazo lililopatikana.

Mwaka 2024 Anil Doshi na Oliver Hauser walitoa matokeo ya jaribio ambamo waandishi wa hadithi fupi waligawanywa, wengine wakapewa mawazo ya kuanzia kutoka kwa akili mnemba na wengine wakaachwa na vichwa vyao. Hadithi zilizosaidiwa zilionekana bora zaidi, hasa za waandishi ambao ubunifu wao ulikuwa chini. Hilo ni jema, tulikubali. Lakini zilipowekwa pamoja, hadithi hizo zilifanana zaidi. Kila mwandishi alipanda ngazi moja, na wote wakajikuta kwenye ngazi ile ile.

Hatari ya pili ni ya zamani kuliko kompyuta hizi. Mwaka 1991 David Jansson na Steven Smith waliwaonyesha wahandisi na wanafunzi wa uhandisi mfano wa kifaa kabla hawajabuni cha kwao. Waliouona mfano waliiga hata kasoro zake, tena kasoro walizokwisha kuonywa. Jibu la kwanza uliloliona linashika njia, na mengine yote yanapita humo humo. Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: andika kwanza majibu yako matano kwa mkono, hata yawe dhaifu, ndipo uulize mashine. Ukianza na jibu lake, hutajua tena lako lilikuwa lipi. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na mashine ile haijawahi kuamka alfajiri kufungua ukanda wa kanga kwenye bawaba.

Kabla hujampa mtu dawa

Yapo mambo mawili ninayotaka yasipotee katika majibu haya. La kwanza, kuna kukwama ambako si kwa kazi. Mtu akiwa amefiwa, au usingizi na hamu ya chakula vimemtoka kwa wiki kadhaa, au hata vitu alivyovipenda havimgusi tena, asiambiwe akatembee wala aandike dakika ishirini. Aambiwe apumzike, asindikizwe hospitali, na kazi yake ishikwe na wenzake mpaka arudi.

La pili ni kwa sisi tunaosimamia wengine. Anayekuja mezani kwako kusema amekwama amefanya jambo gumu. Amekuonyesha karatasi yenye mstari mmoja uliokatwa. Ukimjibu kwa methali ya haraka, kesho ataificha. Muulize: umekosa nini? Ni sheria iliyokubana? Ni mazoea? Ni macho, ni utulivu, ni nafasi ya kusema, ni uzio? Mara nyingi jibu analo, hakupata mtu wa kumuuliza.

Jumatatu asubuhi, kabla ya saa mbili, niliikuta karatasi ya kijana wetu mezani kwangu. Ilikuwa imejaa pande zote mbili. Nilihesabu mistari kumi na mmoja iliyokatwa. Wa kumi na mbili ulikuwa umeachwa mzima, katikati ya ukurasa: "Kona ya nne ya chandarua chako umeifunga wapi?"